Kinajuaje Njia? Roboti, Maelezo na Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Muhula uliopita, mwenzangu wa chumbani, ambaye anasomea uhandisi, aliniomba nimfanyie jambo dogo. Yeye na wenzake watatu walikuwa wameunda roboti ya magurudumu kwa ajili ya mashindano ya kitivo chao. Ilikuwa kijigari kisichozidi ukubwa wa kiatu, chenye uwezo wa kufuata mstari mweusi uliochorwa sakafuni pasi na mtu kukishikia usukani. Siku ya maonyesho ilikuwa imewadia, nao walitaka bango la maelezo kwa lugha ya Kiswahili kwa kuwa wageni wengi wangekuwa wazazi na wafanyakazi wa chuo. "Wewe ndiwe bingwa wa lugha," aliniambia. Nami niliyekuwa nimetoka kupata alama za kuridhisha katika somo la ushairi, sikuona tatizo lolote. Niliketi nikaandika aya tatu kwa mpigo mmoja. Ya kwanza ilianza kwa kusema kwamba chombo hiki cha ajabu, kilichosheheni maarifa ya kisasa, ni zao la bongo zisizolala.

Bango liliangikwa. Mzee mmoja anayetunza bustani za chuo alisimama mbele yake, akalisoma lote taratibu, midomo ikimcheza. Alipomaliza alinigeukia akaniambia, "Ni maneno mazuri, mwanangu. Sasa, kinajuaje njia?"

Sikuwa na jibu. Mwenzangu alikuwa nalo, lakini alilianza kwa Kiswahili, akalikatiza, akalimalizia kwa Kiingereza. Mzee akatikisa kichwa kwa adabu, akaenda zake. Tangu siku hiyo swali lake limekuwa likinikera kama mwiba, na ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Nadai hapa kwamba kueleza jinsi chombo kilivyoundwa, na kwa nini kimeundwa hivyo na si vinginevyo, ni sanaa ya lugha sawa na utunzi wa shairi au uchanganuzi wa riwaya. Na kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeitupa sanaa hiyo kwa kisingizio cha uhaba wa istilahi.

Ili nisionekane kuwa natetea hoja yangu kwa kisa cha aibu yangu pekee, naomba msomaji anifuate hadi Marekani, mwaka wa 2004. Mwezi wa Juni mwaka huo, katika bwawa la kuogelea la Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Barbara, kulifanyika mashindano ya wanafunzi ya roboti za chini ya maji, zile ambazo huongozwa na watu waliosimama ukingoni. Miongoni mwa washiriki walikuwa vijana wanne kutoka Carl Hayden, shule ya sekondari ya umma katika mtaa wa watu wa kipato cha chini huko Phoenix, jimbo la Arizona. Arizona ni nchi ya jangwa. Vijana wenyewe, Oscar Vazquez, Cristian Arcega, Lorenzo Santillan na Luis Aranda, walikuwa wamezaliwa Mexico wakaletwa Marekani wakiwa wadogo, na hawakuwa na hati za kuishi nchini humo. Walimu wao wawili, Allan Cameron na Fredi Lajvardi, waliamua kuwaingiza katika kitengo cha vyuo vikuu badala ya kile cha shule za sekondari, kwa hoja kwamba kushindwa na vyuo vikuu si fedheha. Hawakushindwa. Walichukua nafasi ya kwanza, na MIT, chuo mashuhuri duniani kwa teknolojia, kikawa cha pili.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi. Joshua Davis alikiandika katika jarida la Wired mwaka wa 2005, akakiandikia kitabu mwaka wa 2014, na mwaka wa 2015 kikafanywa filamu. Husimuliwa kama kisa cha masikini aliyemshinda tajiri, na hakika ndivyo kilivyo. Waliichangishia roboti yao dola 800 hivi, ilhali wapinzani wao walifadhiliwa na kampuni kubwa ya mafuta. Hata hivyo, nadhani usimulizi wa namna hiyo umekipunja kisa chenyewe. Msikilizaji hutokwa na machozi, akapiga makofi, akaondoka bila kujua roboti ile ilikuwaje. Mzee wetu wa bustani angeuliza swali lile lile, wala asingejibiwa.

Basi ilikuwaje? Kiunzi chake kilikuwa cha mabomba ya plastiki, yale yale ambayo fundi wa maji hutumia kupitishia maji nyumbani. Mtu akiyaona kwa mbali atasema walitumia mabomba kwa sababu ya umasikini. Bei ilikuwa sababu mojawapo, ndiyo, lakini tazama kazi ambazo bomba lile lilifanya. Kwanza, lilikuwa mfupa wa chombo, likishika mota, kamera na vifaa vingine mahali pake. Pili, lilikuwa na uwazi ndani, na uwazi huo ulitosha kupitishia nyaya za umeme, hivi kwamba nyaya hazikuning'inia nje na kunaswa. Tatu, na hapa ndipo penye ufundi, bomba likizibwa pande zote hubakiza hewa ndani, na hewa hiyo huliinua majini. Chombo cha chini ya maji kina tatizo ambalo kijigari cha nchi kavu hakina. Kikiwa kizito mno kitazama, na mota zake zitamaliza nguvu kwa kukizuia kisiguse sakafu. Kikiwa chepesi mno kitapanda juu, na mota zitahangaika kukirudisha chini. Mwundaji hutaka chombo kitulie pale kilipoachwa, kama samaki aliyelala. Wengine hutimiza hilo kwa matangi ya kujazwa na kumwagwa maji, au kwa sponji maalumu za bei ghali. Vijana wale walipiga hesabu ya hewa iliyofungiwa katika mabomba yao, wakaona kuwa yenyewe yanatosha kukiinua chombo bila ya kuongeza mtambo mwingine. Kitu kimoja kilifanya kazi tatu. Waamuzi waliwapa tuzo ya umaridadi wa uundaji, na naona walistahiki. Umaridadi huo si wa sura, maana kwa sura kilikuwa kituko, kimepakwa rangi nyekundu, buluu na manjano kama kibanda cha kuuzia soda. Gundi ya kuunganishia mabomba ilikuwa na harufu kali mno, na chombo kikabatizwa jina la Stinky. Kwa Kiswahili tungesema Kinuka, na jina lingekaa vizuri katika ngeli ya KI-VI bila ya kumsumbua mwanasarufi yeyote.

Uamuzi wao wa pili ulikuwa wa hatari. Roboti ya namna hii huunganishwa na ukingo wa bwawa kwa kebo, na kwa kawaida nguvu za umeme hushushwa kupitia kebo hiyo. Umeme mwingi huhitaji waya mnene, na kebo nene ni nzito na ngumu. Huivuta roboti nyuma kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Vijana wa Carl Hayden waliiweka betri ndani ya roboti yenyewe, katika mkoba usiopitisha maji. Kebo yao ikawa nyembamba, na Luis, aliyepewa kazi ya kuishughulikia ukingoni, aliweza kuilegeza na kuivuta bila ya kukiyumbisha chombo. Faida ilikuwa bayana. Hasara pia ilikuwa bayana: maji yakiingia mkobani, mchezo umekwisha.

Nayo yaliingia. Katika majaribio ya kabla ya shindano mkoba ulivuja, na hapakuwa na muda wa kuunda mwingine. Lorenzo aliona kwamba, maadamu hawawezi kuyazuia maji yasiingie, watafute kitu cha kuyanywa kabla hayajafikia vifaa vya umeme. Kitu hicho kilipaswa kuwa kidogo, chenye kunyonya mno, na chenye kupatikana dukani usiku ule. Wakanunua tamponi, zile sodo za pamba zilizoshindiliwa ambazo wanawake hutumia wakati wa hedhi, wakazipanga ndani ya mkoba. Usiku huo huo pia walikesha wakiunganisha upya nyaya zilizokuwa zimeharibika. Kesho yake zilinyonya maji kama ilivyotarajiwa.

Hapa wasimulizi wote hucheka, nami nilicheka niliposoma mara ya kwanza. Kisha nikakumbuka mafundi wa majahazi wa Matondoni na Kizingitini. Jahazi la mbao hukalafatiwa: fundi huchukua pamba iliyotiwa mafuta, akaishindilia kwa patasi katika nyufa za mbao ili maji yasipenye. Sitaki kudai kuwa ni jambo moja. Pamba ya kalafati huyazuia maji mlangoni, ilhali pamba ya Lorenzo iliyapokea yakiwa yameshaingia. Kwa usahihi zaidi, pamba ile ilikuwa imewekwa kwenye ngama ya roboti. Na neno hili ngama linastahili kusimamiwa kidogo. Kila mwanafunzi wa Kiswahili aliyepita darasa la nane anaijua methali isemayo kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tumeifafanua katika mitihani, tumeitungia insha. Ni wangapi miongoni mwetu wanaoweza kuonyesha ngama ilipo katika chombo, na kueleza kwa nini baharia lazima airejelee? Ngama ni pale chini ndani ya chombo ambapo maji yaliyovuja hukusanyika, na ambapo hutekwa na kumwagwa. Methali yenyewe ni maelezo ya kiufundi. Aliyeitunga alikijua chombo sehemu kwa sehemu. Sisi tumebakiza mafunzo yake tukakitupa chombo.

Nirudi bwawani. Kazi zilizotolewa zilihusu nyambizi ya mfano iliyozamishwa, na mojawapo ilikuwa kuteka kiowevu kutoka kwenye pipa lenye tundu dogo. Timu ya MIT ilikuwa imeunda mtambo wa kisasa wa kutekeleza jambo hilo, na katika majaribio yao ya nyumbani ulifanya kazi bila hitilafu. Siku ya siku, mkono wa roboti yao uliotokeza mbele uligonga kiunzi cha nyambizi, wakashindwa kulifikia pipa. Kinuka kilikuwa na kibomba cha shaba kilichopindwa, pampu ndogo, na puto. Kibomba kiliingizwa tunduni, pampu ikavuta, puto likajaa. Siisemi MIT vibaya. Wa pili miongoni mwa vyuo vya taifa kubwa si mshinde. Nasema tu kwamba kibomba kilichopindwa hakihitaji nafasi kubwa, na kwamba aliyekipinda alikuwa amefikiria mahali kitakapoingia.

Lililonivutia zaidi ni kipimo cha leza. Walihitajika kupima umbali ndani ya maji, wakaazimia kutumia kifaa cha leza ambacho wajenzi hukitumia kupimia kuta. Kifaa hicho hutuma mwali, husubiri urudi, na kwa muda uliopita hukokotoa umbali. Tatizo ni kwamba kimetengenezwa kikidhani mwali unapita hewani. Ndani ya maji nuru huenda polepole zaidi, kwa hiyo huchelewa kurudi, na kifaa hudhani umbali ni mrefu kuliko ulivyo, kwa kadiri ya theluthi moja hivi. Kifaa hakiwezi kulijua kosa lake. Anayekitumia ndiye apaswaye kulijua na kulisahihisha kwa hesabu, na ndivyo walivyofanya. Waamuzi walipowauliza jinsi leza ilivyofanya kazi majini, walieleza kosa na sahihisho lake bila ya kubabaika. Mmoja wa waamuzi alitaka pia kujua kwa nini hawakuja na picha za kuonyeshwa ukutani kwa kompyuta kama wafanyavyo wengi. Jibu walilompa lilikuwa kwamba picha hizo humpotezea msikilizaji makini, na kwamba wao wanalijua wanalotaka kusema.

Hapa ndipo kiini cha hoja yangu kilipo. Katika mashindano yale alama hazikutolewa kwa kazi ya bwawani pekee. Kulikuwa na mahojiano ya kihandisi, ambapo kila timu ilitetea uundaji wake mbele ya waamuzi, na kulikuwa na ripoti ya maandishi. Vijana wa Carl Hayden waliibuka pia na tuzo ya uandishi wa kiufundi. Ripoti yao iliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwao kilikuwa lugha ya pili, maana nyumbani kwao walizungumza Kihispania. Tuzo hii haikumbukwi sana. Tamponi zinakumbukwa; ripoti imesahauliwa. Lakini bila ya uwezo wa kueleza, mabomba yale yangebaki kuwa mabomba ya fundi wa maji machoni pa waamuzi. Maelezo ndiyo yaliyoonyesha kwamba kila kipande kilichaguliwa.

Najua pingamizi litakalotolewa. Msomaji mmoja atasema: hao waliandika kwa Kiingereza, nawe unawatumia kukitetea Kiswahili, huoni kinaya? Nakiona. Lakini waliandika kwa lugha ya waliowahukumu. Swali la kwetu ni hili: wanaohitaji kuzielewa mashine hapa Kenya ni akina nani? Ni mkulima aliyenunua pampu ya kunyunyizia maji shambani, ni mvuvi mwenye injini ya mashua, ni kijana wa bodaboda, ni fundi wa Kamukunji anayekunja mabati kutwa kucha. Hawa huzungumza juu ya mashine kwa Kiswahili kila siku ya Mungu. Keti kando ya fundi wa pikipiki umsikilize akimweleza mteja ni kwa nini injini inazimika. Atataja plagi, kabureta, klachi na gia bila ya kuomba radhi kwa baraza lolote la lugha, na mteja ataelewa kwa sababu kila sentensi imeshikana na ya kabla yake: hiki kikiziba, kile hukosa mafuta, na kile kikikosa mafuta, injini hukohoa. Maelezo yapo. Yanachokosa ni mwandishi.

Pingamizi la pili, na lenye uzito zaidi darasani, ni la istilahi. Tumezoea kusema kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi, kisha tunaandika tasnifu kuhusu ukosefu wake. Sidharau kazi ya wanaistilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990, na yeyote anayelalamika kuhusu uhaba afaa aifungue kwanza. Lakini naomba msomaji arejelee aya nilizokieleza Kinuka hapo juu. Nilitumia mabomba, hewa, betri, mkoba, kebo, pamba, mwali na puto. Palipokuwa na dhana ambayo wahandisi wameipa jina maalumu, kama ile ya chombo kutulia mahali pake majini, niliieleza kwa mfano wa samaki aliyelala. Sikudai nimeunda istilahi. Niliandika sentensi. Istilahi huja baadaye kuifupisha sentensi hiyo, pale ambapo watu wamechoka kuirudia. Sisi tumeigeuza kazi: tunataka jina kabla ya maelezo, na tukilikosa jina tunaliacha jambo zima.

Kosa la bango langu, nikilichunguza leo, halikuwa la istilahi hata kidogo. Maneno yote yalikuwa sanifu. Kosa lilikuwa kwamba sikujua ninachokieleza wala sikujali kukijua. Nilimwomba mwenzangu majina ya walioiunda roboti, nikamwomba tarehe, sikumwomba anionyeshe upande wa chini wa kijigari. Nikaliziba pengo hilo kwa mapambo. Naye mzee hakudanganyika.

Sidhani tatizo ni langu peke yangu. Katika shule za sekondari tulifunzwa uandishi wa kiuamilifu, na mambo mengi mazuri yamo humo: barua rasmi, kumbukumbu za mikutano, ripoti, maelekezo. Lakini tulipewa alama kwa ajili ya sura. Anwani iwe kulia, mada ipigwe mstari, sahihi iwe chini. Sikumbuki hata mara moja mwalimu akituambia twende kwenye kisima cha shule tukaeleze jinsi pampu inavyoyapandisha maji. Hapa chuoni nako tunaichambua sajili ya hospitali, ya mahakama na ya matangazo ya mpira katika isimu jamii. Tunaichambua kwa nje, kama watu wanaotazama ngoma ya wenyewe. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi kando ya Kiingereza, na lugha rasmi isiyoweza kumweleza raia jinsi mashine aliyonunuliwa kwa kodi yake inavyofanya kazi ina urasmi wa aina gani?

Pendekezo langu ni dogo kwa makusudi. Idara iwatake wanafunzi wa mwaka wa pili waende katika karakana za uhandisi, kila mmoja amtafute mwanafunzi aliyeunda kitu, na aandike kurasa mbili kukihusu. Zisahihishwe na watu wawili: mhadhiri wa Kiswahili kwa upande wa lugha, na mwundaji mwenyewe kwa upande wa ukweli. Jarida hili nalo litenge ukurasa mmoja kwa kazi bora. Haitahitaji fedha za ufadhili wala kamati. Wapo watakaosema kwamba tunawageuza wanafasihi kuwa makarani wa wahandisi. Kwangu mimi, mwandishi anayeweza kumfanya msomaji auone mwali ukichelewa kurudi ndani ya maji hajashuka cheo.

Nimejaribu kuanza na mimi mwenyewe. Wiki mbili baada ya maonyesho nilimfuata mwenzangu karakanani, nikakipindua kijigari chao juu chini, nikauliza maswali hadi akachoka. Kisha nikaandika haya:

Chini ya kijigari hiki, upande wa mbele, pana macho mawili, moja kulia na jingine kushoto mwa mstari. Kila jicho hutoa mwali usioonekana, kisha hupokea unaorudi. Sakafu nyeupe huurudisha mwali. Mstari mweusi huumeza. Kijigari kikiteleza kushoto, jicho la kulia huja juu ya mstari, mwali wake haurudi, na mota ya gurudumu la kulia hupunguziwa kasi. Gurudumu la kushoto, ambalo limebaki na kasi yake, hukizungusha kijigari kuelekea kulia hadi jicho litoke juu ya mstari.

Mwenzangu aliisoma aya hiyo akiwa na penseli mkononi. Alikata neno "kikiteleza", akasema magurudumu hayatelezi, na kama yangeteleza wangekuwa na tatizo jingine kabisa, akaandika "kikienda". Nikamuuliza kwa nini mota hupunguziwa kasi badala ya kusimamishwa. Alicheka. Wiki ya kwanza walikuwa wakiisimamisha, alisema, na kijigari kilikwenda kikirukaruka kama chura hadi betri ikang'oka. Nikaiongeza sentensi hiyo pia, pamoja na chura wake.

Bango la pili limebandikwa mlangoni mwa karakana, kimo cha macho ya mtu. Mzee wa bustani bado sijamwona akilisoma.